Kliniki ya mtaani au Morogoro kwa mbwa mwenye ugonjwa adimu

Mbwa anapolegea, akakataa hata ugali wa dagaa na kutapika mara kwa mara, mwenye mbwa wa Dar es Salaam hufikiria kwanza homa ya kupe, na kliniki ya karibu ndiyo pa kuanzia, kwa kuwa hapo huwekewa dripu na damu hutazamwa kwa hadubini siku hiyo hiyo. Kwa homa ya kupe hiyo inatosha, wala sioni sababu ya kusafiri.

Mambo hubadilika mnyama anapopata nafuu kwa dripu, kisha akaanguka tena baada ya wiki mbili. Hapo ugonjwa wa Addison, uliopewa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza kwa binadamu mwaka 1855, unastahili kufikiriwa: tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutoa homoni za kutosha, sodiamu katika damu hushuka na potasiamu hupanda hadi kuuhatarisha moyo. Ili kuuthibitisha, hupimwa kortisoli, mojawapo ya homoni za tezi hizo, mbwa akachomwa sindano ya ACTH, homoni inayoziamuru tezi hizo kutoa kortisoli, kisha hupimwa tena baada ya saa moja; kortisoli isipopanda, jibu limepatikana. Predinisoloni, dawa inayofanana na kortisoli, ikitangulia kupewa mbwa, matokeo huvurugika.

Kwa kipimo hicho ningeelekea hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, takriban kilomita 190, baada ya kupiga simu kuuliza kama sindano yenyewe ipo. Ningeondoka alfajiri, kabla ya foleni ya Kimara. Mbwa asiyeweza kusimama, hata hivyo, atiwe dripu kwanza pale pale mtaani.