Mapitio: Kitabu cha Kusikiliza Kuhusu Maisha ya Jaji Byron White
Kitabu hiki cha kusikiliza kinasimulia maisha ya Byron White, aliyezaliwa Colorado mwaka 1917, akavuma katika futiboli ya Kimarekani akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Colorado, na hatimaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia 1962 hadi 1993. Sehemu iliyonivutia zaidi ni ya mwaka 1938, alipojiunga na timu ya kulipwa ya Pittsburgh kwa mshahara wa dola 15,800, akaongoza ligi nzima kwa yadi alizokimbia na mpira, kisha akafunga virago kwenda Oxford kusoma sheria. Msimuliaji, mwenye sauti nzito isiyo na haraka, anaeleza vizuri jinsi White alivyolichukia jina la utani la "Whizzer", yaani mwenda kasi, ambalo magazeti yalimbandika (nami simlaumu).

Kwa bahati mbaya, miaka 31 ya ujaji imepitiwa juujuu: upinzani wake katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, iliyohusu haki ya kutoa mimba, mwaka 1973, umepewa dakika chache tu, bila kufafanua hoja yake kwamba suala hilo lilipaswa kuachiwa wananchi na wabunge wao. Sauti imerekodiwa vyema, ila sura hazina vichwa, hivyo kukitafuta tena kipande fulani ni kazi ya kupapasa.