Moldi za mawe ya kukanyagia bustanini: ipi uchukue?

Haya wapendwa, karibuni tena, leo naongelea hizi moldi za plastiki za kutengenezea mawe ya kukanyagia nje, yale unayoyapanga kwenye majani kutoka getini mpaka barazani, maana mmeniuliza sana kwenye komenti.

Hapa ninazo mbili. Hii ya kwanza haina kitako, unailaza chini palepale unapotaka njia, unajaza zege, unasawazisha na mwiko kisha unainyanyua. Ni rahisi na haraka kweli, ila kina chake sentimita 4 tu na inataka zege zito, ukiweka jepesi ukinyanyua tu linatawanyika, na ardhi ya mfinyanzi ikivimba masika vile vipande vinacheza.

Ya pili hii yenye kitako, kina sentimita 5 na kitu, jiwe linakaa humo mpaka kesho yake ndo unalitoa. Mimi nasema chukueni hii. Lakini angalia sana hapa ndani, kwenye kitako, kwa sababu huku ndo kutakuwa juu ya jiwe, kama plastiki ni laini inang'aa basi na jiwe litatoka linang'aa, mvua ikinyesha mzee au mtoto anateleza, kwahiyo tafuta yenye mikwaruzo kama ya jiwe la asili.

Sasa moldi peke yake haikupi jiwe la kudumu jamani, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ratio yangu ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, mbili za kokoto ndogo zisizozidi milimita 10, na saruji chukua ya 42.5, hiyo ni namba ya nguvu yake iliyoandikwa kwenye mfuko. Maji ndo yanaua mawe ya watu wengi, mfuko wa kilo 50 usipitishe lita 25 hivi, ukizidisha ili zege liteleze vizuri kwenye moldi jiwe linabaki na vitundu na linamong'onyoka kingo. Mchanga wa baharini hapana kabisa, chumvi yake inatoka juu kama unga mweupe inaharibu rangi yote.

Na rangi changanya na zege lote, usipake juu. Ile ya unga ya oksaidi ya chuma, nyekundu, njano au nyeusi, haipauki na jua, kilo 2 na nusu kwa mfuko zinatosha. Moldi ipake mafuta ya kula kidogo, oili chafu inaacha madoa.

Ukishatoa weka kivulini, funika na magunia, mwagilia siku 7 bila kuruka, ugumu wake wa kutegemea unaupata siku ya 28. Wakati wa kupanga chimba, mwaga vumbi la kokoto, shindilia, na kati ya jiwe na jiwe acha hatua ya kawaida, kama sentimita 60 katikati kwa katikati.

Na aliyeuliza kuhusu gari, hapana, haya ni ya miguu, pa kupita gari weka pevingi nene.