Ndoana ya duara kwa besi wa mistari: nzuri, ila haitaki papara

Ukinunua ndoana ya duara, laza moja mezani kwanza. Ikilala bapa, ncha imerudi kulielekea shina (sehemu yake iliyonyooka), ndiyo yenyewe. Ikiyumba, ncha imepindishwa upande. Hiyo humezwa kirahisi, na tangu 2021 hairuhusiwi kwa mvuvi wa burudani anayetumia chambo kumvua besi wa mistari (samaki aitwaye kwa Kiingereza striped bass) katika pwani ya Atlantiki ya Marekani. Dukani zote mbili zimetundikwa pamoja na zinafanana, basi soma pakiti vizuri.

Kwa msimu wa vuli, besi wanapoteremka kusini wakiwinda makundi ya menhaden (samaki wadogo wanaoliwa na besi), ndoana ya ukubwa namba 8/0 inatosha kwa vipande vya samaki. Chagua chuma kinachoshika kutu. Kile kisichoshika kutu kinadumu, lakini kitadumu vilevile tumboni mwa samaki aliyekatika nacho.

Lawama nyingi ndoana hii inabebeshwa bure. Watu hushindilia chambo mpaka nyama inaziba nafasi kati ya ncha na shina, kisha wanashangaa samaki anapotema. Choma mara moja tu, ukingoni mwa kipande, ncha ibaki nje. Samaki akibeba, usivute kwa ghafla. Acha mshipi ukaze wenyewe, halafu zungusha rili taratibu bila kulegeza: ndoana inateleza kutoka kooni, inafika kwenye taya, inageuka na kunasa pembeni mwa mdomo. Aliyezoea ndoana ya J, ile ya kawaida yenye umbo la herufi J, mkono humwasha avute. Akiinua tu ufito kwa nguvu, imetoka.

Kasoro yake ni kuichomoa. Bana kijino (mwiba mdogo karibu na ncha) kwa koleo kabla ya kuvua, na uichomoe kwa kuizungusha ifuate mzingo wake. Ikiwa imemezwa, kata mshipi karibu na mdomo, usichokonoe.

Haya si mapambo. Tangu 2023, baharini mvuvi wa burudani anabaki na besi wa inchi 28 hadi 31 tu (sm 71 hadi 79), kwa hiyo wengi wanarudishwa majini, na watathmini wa samaki hawa hukadiria kuwa 9% ya wanaorudishwa hufa. Ndoana ya duara inapunguza majeraha ya koo na matumbo. Haimsaidii samaki aliyechoshwa muda mrefu kwa mshipi mwembamba, wala aliyeburutwa mchangani apigwe picha.

Bei ni juu kidogo ya ndoana za J. Humo mna ushuru wa 10% anaotozwa mtengenezaji, ambao chini ya sheria ya Marekani ya 1950 hurudi majimboni kuhudumia samaki.