Mazoezi ya Bendi ya Mwenzi Wako: Nyumbani au Ukumbi wa Kukodi?

Mtu ambaye mume au mke wake hupiga zilipendwa katika bendi ya kujifurahisha hapa Dodoma hulazimika mapema kuamua mazoezi yafanyike wapi.

Kwa gharama, nyumbani huonekana kushinda kwa kuwa hakuna kodi ya ukumbi; lakini uniti za umeme wa LUKU huisha haraka, na wanamuziki waliotoka kazini hawaondoki bila chai na chapati, jambo ambalo mpiga gitaa huliita ukarimu huku mwenzi wake akihesabu unga na mafuta. Bei ya ukumbi hujulikana mapema na hugawanywa kwa wote.

Kwa uhakika, nyumbani hakuna wa kuwafungia mlango, ilhali ukumbi waweza kukodishwa kwa sherehe ya kipaimara mkabaki nje na ngoma zenu. Hata hivyo, nyumbani kuna majirani, na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo haziulizi kama besi imepigwa vizuri.

Kuhusu utunzaji, vumbi la kiangazi huingia hadi kwenye vitufe vya kinanda, na wa kuvifunika kwa kanga utakuwa wewe. Vyombo vinavyopelekwa ukumbini huumia zaidi njiani, kwenye bajaji.

Mwenye watoto wanaojiandaa na mitihani, au anayechangia ukuta na jirani, ningemshauri ukumbi. Mwenye kiwanja kikubwa pembezoni mwa mji, anayependa pia kuwafahamu wanabendi wa mwenziwe, avumilie ngoma uani.