Uzoefu wangu na duka lililoniuzia kampa: muuzaji aligoma kuangalia mlango wa gari langu

Sijui nianzie wapi maana nikiwaza tu damu inachemka. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu Wabongo na Wakenya mlioko huku Marekani mnaotaka kampa ya kuvuta, yaani trela lenye vitanda na jiko la kulala kambini, hasa sisi wa Colorado ambao kiangazi kikifika majirani wote wanapanda milimani na vitrela vyao halafu watoto wanakuuliza, baba, sisi lini? Kampa yenyewe siisemi vibaya, vitanda vizuri, jiko linawaka, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na duka, na kwenye duka ni mtu mmoja, muuzaji, na kwa huyo muuzaji ni jambo moja: aligoma kunyanyuka kwenye kiti.

Nilimuuliza swali la kawaida kabisa. Ukifungua mlango wa dereva wa piki-apu nyingi huku kuna stika, ina rangi ya njano juu, imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kamwe kiasi fulani. Yangu inasema kilo 671, yaani pauni 1,480. Hiyo ndiyo wanaita pelodi, uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba mgongoni mwake. Nikamwambia, kaka, hii kampa ikikaa kwenye kifungio cha nyuma ya gari, mimi na mke wangu na watoto wawili na mama mkwe tukiwa ndani, itaenea kwenye hiyo stika? Gari langu lipo hapo nje, twende ukaangalie.

Jamaa hakunyanyuka. Gari liko dirishani tunaliona wote wawili, pale pale, angevuka mlango tu. Akacheka kale kacheko ka pua akaniambia "hiyo stika ni ya wanasheria, rafiki yangu," akachukua simu akanionyesha kwamba gari langu linavuta pauni 9,200 na kampa hata ikijaa haifiki 7,000. Eti nitavuta mpaka nisahau kama kuna kitu nyuma. Rafiki yangu! Mtu nimekutana naye asubuhi hiyo, na kahawa aliyonipa ilikuwa ya baridi.

Sasa nisikilizeni vizuri maana hapa ndipo watu wanaliwa. Kuvuta na kubeba ni hesabu mbili tofauti. Ile 9,200 ni nguvu ya kuvuta, na ukifuatilia kile kiwango wanachotumia watengenezaji kupima, kinaitwa J2807, wanahesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja pauni 150, ambayo ni kama kilo 68. Familia yangu mimi haina mtu mzima wa kilo 68, hilo naomba tusilijadili. Na trela haivutwi tu nyuma kama mkokoteni, ile pua yake ya mbele inakaa juu ya gari lako na kulikandamiza, na hii ya kufungwa kwenye kifungio cha nyuma inatakiwa ikandamize kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote, ikipungua hapo trela inaanza kucheza mkia. Kwa hiyo huwezi hata kukwepa kwa kusogeza mizigo yote nyuma, utajiua.

Kwenye kipeperushi chao waliandika pua ina pauni 640. Uongo wa kitaalamu. Hiyo ni kampa kavu, haina mitungi ya gesi, haina betri, haina maji, haina sufuria. Mitungi miwili ikijaa ni kama pauni 75 na inakaa wapi? Hapo hapo puani. Betri hapo hapo. Maji galoni moja ni pauni 8.3, tenki la galoni 40 ni zaidi ya pauni 330 ukijaza, sehemu yake inakuja mbele. Ya kwangu baada ya kupakia ikawa pauni 880 puani. Ongeza sisi watu 680, jenereta na friji la barafu na kuni kwenye bodi 130, kifungio chenyewe kile kizito cha kusambaza uzito 90. Jumla 1,780. Stika inasema 1,480. Pauni 300 za ziada, kilo 136, kama gunia moja na nusu hivi la mahindi, na injini wala haikulalamika, ndio maana watu hawajui!

Kilicholalamika ni mama mkwe. Amekuja kututembelea kutoka Tanga, hajui habari ya pelodi wala nini, tumeingia barabara kuu ya I-70 tunapanda kwenda magharibi upepo ukawa unatupiga maeneo ya Georgetown, akasema taratibu kutoka kiti cha nyuma, "Baba, gari hili mbona linaelea?" Na kweli lilikuwa linaelea. Usukani mwepesi kama sio wa gari lile, ukigeuza kidogo mbele hakukamati kama ulivyozoea, malori yakitupita tunavutwa halafu tunasukumwa. Giza likaanza kuingia na kila anayekuja mbele yetu ananiwashia taa, mmoja baada ya mwingine, nikadhani wana kichaa, kumbe matako ya gari yamekaa chini pua imeangalia juu na taa zangu za kawaida zinawamulika wenzangu machoni.

Mnaoijua hiyo barabara mnajua nini kinafuata. Handaki la Eisenhower liko futi 11,158 juu ya usawa wa bahari, ukitoka upande wa pili unashuka kwenda Silverthorne mteremko wa asilimia 7, wameweka mpaka njia za kokoto pembeni za lori lililokatika breki kuchomekea. Nilishuka gia ndogo, spidi ya bibi harusi, mikono imekufa ganzi. Mke wangu alikuwa anasoma dua na hakuficha. Breki za trela zilifanya kazi, Alhamdulillah, hilo nawapa. Nasema tena nawapa hilo. Lakini ningependa yule jamaa wa kacheko ka pua angekuwa amekaa katikati yetu pale.

Kesho yake wakati wa kurudi, kabla ya kupanda tena, nikaingia mizani ya CAT, zile zinazokuwa kwenye vituo vya mafuta vya malori. Kama hujawahi, usiogope, ni rahisi mno na bei yake ni ya chakula cha mchana. Matairi ya mbele yanakaa bamba la kwanza, ya nyuma bamba la pili, trela la tatu, unabonyeza kitufe mhudumu anakuuliza kampuni gani na namba ya lori unamjibu mimi ni mtu binafsi, halafu unaenda kaunta kuchukua karatasi. Yangu ilisema mbele 3,050, nyuma 4,350, trela 5,950. Ekseli ya nyuma mwisho wake ni 4,100. Gari zima mwisho 7,100, na 3,050 jumlisha 4,350 ni 7,400. Zile zile 300, hazikuongezeka wala kupungua. Nikaipiga picha karatasi nikamtumia jamaa. Akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu!

Kwetu basi la mkoani likikaribia mizani ya Vigwaza konda anaweza kuwaambia abiria sogeeni mbele, sogeeni mbele, kila mtu anajua uzito una mahali pake pa kukaa, hata bibi mwenye tenga la kuku anajua. Huku mtu na tai yake shingoni anakuambia ni mambo ya wanasheria. Na mimi kampa yangu sijawahi kusimamishwa na yeyote kupimwa, ni wewe na Mungu wako.

Nilirudisha gari pale dukani nikiwa nimejiandaa kugombana, na ndipo nikakutana na fundi wao wa karakana, mzee mmoja wa Kimeksiko, mpole sana. Huyu sikumwambia kitu. Yeye mwenyewe cha kwanza alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akasoma stika, akaangalia zile fimbo za chuma za kifungio za kusambaza uzito akakuta zimefungwa legelege hazifanyi kazi yoyote. Akazikaza, akapima kwa futi urefu wa matao ya matairi ya mbele kabla na baada, akanionyesha. Mbele kulirudi chini karibu kama kawaida. Akaniambia wazi kwamba hii inarudisha uzito kidogo mbele na kidogo kwenye trela lakini haifuti pauni 300, punguza mizigo. Dakika zile nikasema basi nitawapa nyota nne, watu ni watu, duka lina mtu mwema.

Halafu yule jamaa akatokea na kikombe chake. Anataka kuniuzia mifuko ya hewa ya kwenye springi, eti gari litanyanyuka na tatizo limekwisha. Fundi akaangalia chini. Mifuko inanyanyua matako ya gari, sawa, lakini stika ya mlangoni haibadiliki hata kwa pauni moja, ekseli ni ile ile, matairi yale yale. Nyota nne zikayeyuka.

Siku hizi tunasafiri bila maji, tunajaza tukifika kambini. Jenereta limebaki gereji, kuni tunanunua huko huko, na mama mkwe anafuata nyuma na gari dogo la mke wangu, anasema ana raha zaidi kule maana anachagua mwenyewe taarabu. Kampa tunaipenda, siwezi kudanganya, wiki iliyopita tu watoto walilia kuondoka. Ukiniuliza ununue kampa nakuambia nunua. Ukiniuliza ununue pale, hapana. Labda kama utamtafuta yule fundi kwanza. Hapana, hapana kabisa.

Maana sikieni. Juzi jamaa kanipigia, sauti tamu. Kaangalia kumbukumbu zangu, ana wasiwasi na usalama wa familia yangu, anaona gari langu ni dogo kwa kampa ile, ana piki-apu kubwa ya dizeli imeingia, nilete yangu tubadilishane niongezee hela kidogo. Ni yeye yule yule! Nikavuta pumzi, nikamwambia sawa, nifungulie mlango wa dereva unipigie picha ya stika.

Akanitumia picha ya viti vya ngozi.