Huduma ya msindikizaji kliniki
Huduma hii humpatia mwenye changamoto ya afya ya akili msindikizaji wa kwenda naye kliniki, na ubora wake ni kwamba msindikizaji hasemi kwa niaba yake. Kabla ya miadi ya ndugu yangu, msindikizaji aliketi naye, wakaandika maswali kuhusu dawa inayomletea usingizi mzito, pamoja na matibabu asiyoyataka iwapo hali itazidi. Na daktari aliponigeukia mimi, msindikizaji alimwomba kwa adabu azungumze na mgonjwa mwenyewe. Msaada wa namna hii, wa kumwezesha mtu kujiamulia mwenyewe, unatakiwa na ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ingawa wahudumu wengi hawaujui. Fomu ya kujiunga, hata hivyo, ni ndefu mno, na ajabu ni kwamba humuuliza jamaa kabla ya mhusika.