Punguzo la wastaafu kwenye basi la Muleba: uzoefu wangu na wazee wangu wawili

Nilikata tiketi tatu, Dar kwenda Muleba, kwenye ofisi ya kampuni moja ya mabasi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Yangu, ya baba, na ya mama mkubwa. Kampuni sitaitaja, maana na basi lenyewe sina ugomvi. Ninachotaka kuwaeleza wenzangu wenye wazazi watu wazima ni lile tangazo walilobandika dirishani kwa herufi kubwa: wastaafu, punguzo asilimia 20. Ndilo lililonifanya nipite ofisi nyingine tatu na kusimama pale.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Baba yangu mkubwa, kaka yake baba, amelala Kaboya, huko Muleba mkoani Kagera, kwenye makaburi ya askari waliokufa Vita vya Kagera, tulivyopigana na Uganda ya Idi Amin. Mama mkubwa alifiwa na mumewe akiwa na miaka 21. Hakuolewa tena. Alifundisha shule za msingi Temeke mpaka alipofikisha miaka 60 akastaafu, na hakuwahi kuliona kaburi la mumewe. Baba ndiye aliyerudi. Ndugu hao wawili walikuwa mgambo, siyo askari wa kudumu. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, akasema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, baba alikuwa kuli bandarini, ana miaka 22. Hotuba aliisikilizia kwenye redio ya jirani, Keko. Wiki chache baadaye walikuwa wameshaondoka, yeye na kaka yake.

Tulitaka tuwe Kaboya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.

Dirishani alikuwapo kijana mmoja mwenye adabu, nataka hilo lieleweke kabla ya yote. "Shikamoo mama, shikamoo mzee." Mama mkubwa akatoa kitambulisho chake cha mstaafu. Kijana akaandika namba ya pensheni, bei ikashuka, tiketi ikatoka. Haikuzidi dakika mbili.

"Na mzee naye mstaafu?"

Baba akafungua bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi yake ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, imefifia mpaka muhuri unausoma kwa kubahatisha, na nishani aliyoifunga kwenye leso. Kijana akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma.

"Mzee wangu, hii ni ya jeshini?"

"Ya vitani."

Kompyuta yao ina aina tatu za abiria: mtu mzima, mtoto, mstaafu. Ukichagua mstaafu inadai namba ya pensheni, na baba hana namba hiyo. Vita vilipoisha, baadhi ya wenzake waliingizwa jeshini moja kwa moja, wakapanda vyeo, wakastaafu na leo wana kadi. Yeye alirudi bandarini, baadaye akafungua karakana ya useremala, na kazi hiyo anaifanya mpaka leo. Yule kijana akaona aibu kwa niaba yetu. Akainama akasema kwa sauti ya chini, "Nitaweka namba ya mama hapa, mzee naye apate."

Baba akakataa. Hakupandisha sauti. "Usiniandike nisichokuwa, mwanangu. Mimi sijastaafu. Mimi nilipigana."

Tukalipa nauli nzima. Mama mkubwa alikaa kimya mpaka tulipotoka nje, akaniambia anatamani kurudisha lile punguzo lake. Nikamwambia hapana, hilo ni haki yake, amelitolea jasho darasani zaidi ya miaka 30. Lakini nilimwelewa. Yeye alipata nafuu kwa ajili ya chaki. Kwa ajili ya mume aliyemwacha Kagera hapakuwa na sehemu ya kubonyeza, wala kwa yule aliyerudi.

Hapa ndipo malalamiko yangu yalipo, na siyo hela. Ustaafu ni mkataba wa kazi uliokwisha. Uzee ni umri. Kupigana vita ni jambo la tatu, halifanani na hayo mawili, hata kama mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote. Mwanajeshi mstaafu huenda hakuwahi kusikia risasi ya adui, na mgambo aliyekwenda mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979 huenda hana hata senti ya pensheni. Kampuni ikisema wastaafu, iseme inamaanisha nani, maana mzee mwenye nishani mfukoni akisoma tangazo lile anadhani anaitwa yeye.

Shemeji yangu anaishi Leicester, na tangu alipotusimulia ya huko nimekuwa nikiyafuatilia. Uingereza walianzisha kadi ya treni ya waliowahi kutumikia jeshi mwezi Novemba 2020. Inakata theluthi moja ya nauli nyingi, na aliyetumikia hata siku moja anahesabiwa. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wana kadi yao nyingine kabisa. Marekani nako shirika la treni la Amtrak lina punguzo la asilimia 10 la waliowahi kuwa jeshini, na jingine la wenye miaka 65 na zaidi, hawayachanganyi. Hata kwenye hifadhi zao za taifa, aliyewahi kuwa mwanajeshi anaingia bure maisha yake yote, ilhali mzee wa miaka 62 analipa dola 80 mara moja, basi. Tena wenyewe wanatofautisha aliyetumikia na aliyestaafu jeshini, ambaye kwa kawaida ni yule aliyefikisha miaka 20. Huyo ana kitambulisho chake, na anaruhusiwa hata kupanda ndege za jeshi zenye nafasi. Sisemi tuige kila kitu. Nasema wenzetu wamekaa wakayapa mambo haya majina tofauti, kisha kila jina wakalipa mlango wake.

Na hapa Dar mlango upo, wa mwanafunzi. Kila konda wa daladala anajua denti analipa 200. Nauli za mabasi ya mikoani LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inaziwekea kikomo cha juu. Kilichotangazwa Desemba 2023 kilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Ni kikomo cha juu tu, kwa hiyo kampuni ikitaka kumshushia mtu hakuna anayeikataza. Dar mpaka Kagera ni zaidi ya kilomita 1,300. Piga hesabu uone nauli hiyo ina uzito gani kwa seremala wa Keko.

Kuhusu basi lenyewe, haki yao niwape. Tuliondoka saa 11 alfajiri kamili. Viti havichomi mgongo, dereva hakushindana na mtu barabarani, na tulisimama chooni Morogoro, Dodoma na Singida bila kuombwa, jambo ambalo kwa wazee ni kubwa kuliko televisheni na soda ya bure. Konda alimhamisha baba kutoka kiti cha nyuma akamweka mbele kwa sababu ya goti. Kasoro ni moja, baridi ya kiyoyozi usiku baada ya Nzega. Bebeni kanga ya pili.

Kaboya sitaisimulia. Mama mkubwa alikaa pale mpaka jua likawa kali, nasi tukakaa naye.

Jioni, Muleba mjini, tuliingia kwa mama mmoja anayeuza chai na ndizi. Akatuuliza tumetoka wapi, baba akamjibu. Yule mama, naye mtu mzima, akasema wao walikimbia na watoto mgongoni Amin alipoingia, wakarudi wakakuta mabati yameng'olewa. Tulipotaka kulipa, akahesabu sahani mbili. Nikamwambia tuko watatu. Akasema anajua. Baba akavua kofia, akamshukuru, na hakubisha kama alivyobisha Mbezi, kwa sababu safari hii hakuandikwa asichokuwa.

Niliporudi Dar nilikwenda ofisini kwao kuonana na msimamizi. Alinisikiliza vizuri, akasema wanaweza kuanza kumpa punguzo kila mwenye miaka 60 na zaidi kwa kutumia kitambulisho cha taifa, cha NIDA. Nikamshukuru, litawasaidia wazee wengi wasio na pensheni. Kisha nikamwomba kitu kimoja zaidi, waongeze aina ya nne kwenye ile kompyuta, aliyepigana, hata kama wataipa asilimia tano, hata kama hawataipa kitu ila jina lichapwe kwenye tiketi. Nikamkumbusha sanamu ya Askari pale Posta, ambayo Waingereza waliisimamisha mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja askari, na hayakuwasahau wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Akaandika kwenye daftari.

Baba anataka kurudi Kaboya Julai ijayo. Nitakata tiketi kwa kampuni hiyohiyo, maana madereva wao nimewaamini, na nikifika dirishani nitauliza tena kama ile aina ya nne ipo.